Mtu wa Kusema Yatosha

Nana Asiamah hakuwa na mke, alikwisha kumzika. Hakuwa na mtoto wa karibu. Binti yake Takyiwaa aliishi ughaibuni, na sauti yake ilimfikia kwa simu Jumapili, ikikatikakatika. Hakuwa na pumzi ya kuongea kwa kirefu, wala kiatu cha kuingia kwenye miguu iliyovimba. Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, wodi nzima ya wanaume ilinukia supu ya njugu, isipokuwa kitanda chake. Kiburi tu ndicho alichokuwa nacho tele.

Asubuhi moja muuguzi, Sista Pokuaa, alivuta kiti akaketi kando yake. Mzee akashtuka. Wauguzi hawaketi.

"Vipi, umekuja kunipiga picha ya mwisho?"

"Ningekwambia uchane nywele kwanza, Nana."

"Nywele zipi?"

Wakacheka, na kicheko cha mzee kikaishia kikohozi. Sista akangoja kitulie.

"Daktari amekwambia moyo umechoka. Siku ukizidiwa, huwezi kusema, tufanyeje? Tukupeleke Kumasi ukawekwe kwenye mashine ya kupumulia? Au ubaki hapa, tukutulize maumivu, tukae nawe?"

"Unaniuliza habari za kufa, na uji sijanywa!"

"Nakuuliza wewe kwa sababu leo unaweza kujibu. Siku hiyo nikiwauliza wengine, watabahatisha."

Mzee akageukia dirisha.

"Sitaki mashine. Niliiona ikifanya kazi."

Sista akaandika. "Na nani atakusemea?"

"Takyiwaa."

Kalamu ikasimama. "Nana, sote Waasante. Siku hiyo watakaokuja ni watu wa ukoo wa mama yako. Takyiwaa ni wa ukoo wa mama yake, si wako. Watampa kiti na maji, kisha watamwomba asubiri nje. Na karatasi yangu itasubiri naye."

"Si utawasomea wewe?"

"Nitawasomea, tena kwa sauti. Lakini watakayemsikiliza ni mtoto wa dada yako. Unaye?"

Alikuwa naye: Dapaah, fundi magari kule Suame, Kumasi. Hawakuwa wamesemezana tangu Amoakoa, mama yake Dapaah na dada wa mzee, alipolala kwenye mashine ile. Madaktari walikata tamaa, na Dapaah alimpigia mjomba magoti: "Wofa, yatosha. Tumrudishe mama nyumbani." Asiamah akagonga sakafu kwa fimbo. Hakuna atakayesema alimwacha dada yake afe! Amoakoa akabaki pale wiki baada ya wiki, mikono imefungwa asichomoe mipira ya hewa, macho darini. Ukoo mzima ulimsifu kaka mtu. Dapaah hakusifu.

"Huyo mpwa wako ataweza kusema yatosha?" Sista aliuliza.

"Ndiye pekee aliyewahi kusema."

"Mpigie basi."

"Atakata. Na pumzi yangu haifiki mwisho wa maneno ninayodaiwa. Nipe karatasi."

Sista alijitolea kumwandikia. Mzee akamkazia macho. "Sijasahau kuandika, binti yangu."

Mistari ikapanda na kushuka. *Mpwa wangu Dapaah. Kuhusu mama yako, ulikuwa na haki, mimi nilikosea. Nikifika pale alipofika, waambie wazee maneno yale yale uliyoniambia mimi. Usipotaka kuja kunitazama, sitakulaumu. Lakini wakikuita, sema.*

Kalamu ikarudi juu ya *mimi nilikosea*, ikaelea hapo, tayari kufuta. Sista akageuka kupanga dawa zisizohitaji kupangwa. Mzee akaifunika kalamu.

Akalamba bahasha, ulimi mkavu, haikushika. Sista akamletea maji kikombeni. Alichovya kidole, akakipitisha kwenye gundi polepole, akabana kwa kiganja mpaka ikashika.

Akiwa kitandani alimwona Sista akivuka uwanja hadi barabarani, akisimamisha lori la viazi vikuu liendalo Kumasi. Dereva aliinama, akaipokea bahasha, akaichomeka juu ya kioo. Lori likaondoka.