Miche ya Ikutha

Katika maabara ya chuo, sahani ya tatu ya majaribio ilikuwa kama zile mbili za kwanza. Bakteria walikuwa wametanda kote, weupe kama uji uliomwagika, hata kando ya kile kipande cha karatasi kilicholowekwa katika dawa ya majani ya mti wa vidonda uliooteshwa Ikutha. Ndunge akainua sahani yenye majani ya mti uleule kutoka vilele vya Mbooni. Hapo, kuizunguka karatasi, palikuwa na duara safi lisiloota kitu. Akazilinganisha tena, ingawa alikwisha kuona.

"Rudia jaribio mwaka ujao," mhadhiri wake alimshauri. "Huenda miche bado ni michanga. Usimwambie mtu kwa sasa."

Ndunge hakuweza kungoja mwaka mzima. Huko Ikutha, wanawake wa kikundi cha Mama Kaveke walikuwa wakiinywesha miche hiyo maji waliyochota katika visima vya mchanga, mto ukiwa umekauka. Yeye ndiye aliyewapelekea mbegu. Aliwaahidi kwamba hawatasafiri tena hadi Mbooni kutafuta dawa ya vidonda, wala miti ya mlimani haitachunwa magome hadi ife. Asubuhi iliyofuata akaondoka kwenda Ikutha bila kumuaga mhadhiri.

"Daktari wetu!" Wavinya, mmoja wa wanakikundi, alimpokea langoni pa kitalu. "Mbona umekonda? Ama huko chuoni mnakula hayo majani mnayopima?"

Wanawake wakacheka. Ndunge alijaribu kucheka, akashindwa.

"Mama zangu, majani ya hapa hayaui bakteria. Ya Mbooni yanaua."

"Si mti ni ule ule?" Mama Kaveke aliuliza.

"Ni ule ule. Huenda baridi ya mlimani ndiyo inayoufanya mti utengeneze dawa. Huenda ni umri wa miche. Bado sijui."

"Kumbe hata mti ukishuka kwenye joto unakuwa mvivu," Wavinya alisema. "Na sisi tunalaumiwa!"

Mama Kaveke hakucheka. Mtungi wa maji ulikuwa miguuni pake, na mbuzi wake walikuwa wameunusa tangu mbali.

"Jana mbuzi walikunywa nusu ya maji yao ili hii miche ishibe," alisema. "Mtoto wangu, usinijibu kama kitabu. Tuendelee ama tuache?"

Ndunge aliitazama miche iliyofunikwa kwa magunia ili jua lisiichome. Neno "subirini" lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa neno la kweli, na yeye lisingemgharimu hata tone moja.

"Acheni," alisema.

"Na ikionekana baadaye tuliacha mapema?"

"Nitakuja kuwaambia hivyo pia. Hapa hapa."

Mama Kaveke akainamisha mtungi juu ya karai. Mbuzi wakaja mbio wakisukumana. Wavinya akawahi kukinga kopo lake na kuelekea kwenye mche wa mwisho.

"Wavinya!" Mama Kaveke alimkemea.

"Huu niliupa jina la mama mkwe," alijibu bila kugeuka. "Ukifa kwa kiu, nitamwambia nini?"

Ndunge alimwacha amwagilie. Maji yalikuwa yakididimia udongoni, na karai lilikuwa limekauka, mbuzi wawili wakililamba. Akaokota mtungi mtupu, akauliza punda wa kuchotea maji amefungwa wapi.