Vitundu vya Sindano Juu ya Jina la Baba

Fundi cherehani aliuchora ukoo wake kwa chaki, kwenye karatasi ya kukatia nguo. Baba yake alikuwa anatimiza miaka themanini Jumapili, na zawadi aliyoiomba ilikuwa moja tu: asomewe waliomleta duniani.

Kila jina lilipoandikwa, mwenyewe alifika kulihakiki. Marehemu waliingia saa tisa alasiri, wakavua viatu mlangoni, wakaketi kwenye benchi la wateja. Babu alilalamika kwamba mwaka wake wa kuzaliwa umekosewa. Bibi, mkewe, alitaka jina lake likuzwe lilingane na la mumewe, likakuzwa, yakaisha. Walikuwa wageni wazuri, maana hawali.

Siku ya tatu aliingia mwanamke ambaye hakuna aliyemwandika. Benchini hakuna aliyesogea kumpisha. Akaenda kwenye pasi, akaanza kunyoosha makola.

"Huyu nani?" fundi aliuliza.

"Alikuwa msichana wetu wa kazi," Bibi alijibu, akitazama dirishani.

Fundi alimpima kwa futi, mazoea tu. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa inchi moja. Mkono huo aliujua. Alikuwa amemshonea baba yake mashati ya mkono kama huo miaka thelathini. Akatoa pini mdomoni, akakaa chini, akalia kidogo.

Alimwuliza jina, akaliandika juu ya jina la Baba. Bibi akalifuta kwa kiganja. Fundi akalishona kwa uzi mweusi. Marehemu wakasaidiana kuufumua, hata Babu, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kushika sindano.

Jumapili walio hai walikaa mbele, marehemu nyuma. Fundi alipofika palipofumuliwa, alilitaja jina kutoka kichwani.

"Ruka hapo, mwanangu," Shangazi alisema. "Usituharibie shughuli. Mama yetu ni mmoja."

Watu wakakohoa. Chai ikaletwa.

Baba, ambaye husikia kwa shida, hiyo aliisikia. Aliinuka na mkongojo wake, akaenda hadi nyuma, karibu na mlango.

"Mama," alisema, "umesimama sana. Njoo ukae."

Akampa kiti chake, akabaki amesimama yeye. Mama alivuta mkono wa kushoto wa shati la mwanawe, akaona umekatwa sawasawa, akaridhika.

Shangazi aliikunja karatasi, akaifungia kabatini.