Matundu ya Shati Jeupe

Mradi mmoja wa maji pale Same ulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Sasa ukataka na ukuta wa mabati, uliopinda kama ukingo wa ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia ya Upareni. Juu yake ionekane picha ya zamani: watu wa Vudee wakiwa kwenye msaragambo, kazi ya lazima ya kijiji, wanachimba ndiva yao kwa pamoja.

Kazi akapewa Elirehema, aliyejifundisha usanifu mwenyewe kwa kompyuta ya mtumba. Penye mwanga kwenye picha, programu yake ilitoboa tundu kubwa. Penye giza, iliacha bati zima. Ukibadili namba moja, ukuta wote unajipanga upya.

Mkuu wa mradi, Mhandisi Melkizedeki, akainamia kioo.

"Hawa weusi ni nani?"

"Wachimbaji, mkuu. Wamelowa tope. Huyu wa tatu ni mama yangu, Faustina."

"Na baba yangu, katibu tarafa? Si alisimama katikati?"

"Ndiye huyu. Alivaa shati jeupe."

Mahali pake palikuwa na matundu matupu.

"Dogo, baba yangu umemfanya chekeche!"

"Si mimi, mkuu. Ni shati."

"Geuza. Penye giza ndipo patoboke."

"Nikigeuza, chekeche watakuwa wao."

"Hao wako arobaini. Watazoea."

Namba ya kubadili ilikuwa moja tu: moja iwe hasi moja. Elirehema aliitazama mpaka chai ikapoa. Mama yake alikwisha kutangaza kanisani Vudee kwamba atakuwa ukutani. Akalituma faili kwa wakata mabati wa Moshi vilevile lilivyokuwa.

Ukuta ulisimamishwa Ijumaa. Jumatatu saa nne Elirehema alikwisha kufukuzwa, kwa barua ya mistari mitatu yenye makosa mawili ya tahajia.

Siku hiyohiyo Mama Faustina akashuka na basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, niko wapi?"

Elirehema akamshika mkono, akauweka kwenye bati. Mama akapapasa: zima, halina tundu.

"Na huyu ambaye naona choo cha huko nyuma kupitia tumboni mwake?"

"Katibu tarafa."

"Aa, yule! Alikuja saa tano, akapigwa picha, akaondoka hajashika hata jembe. Sisi tukikosa siku moja tulichukuliwa mbuzi." Akamtazama mwanawe. "Mbona hujaenda kazini saa hizi?"

"Wamenifukuza. Walitaka wewe ndiwe uwe matundu."

Mama Faustina akageuka. Akauweka mgongo wake penye umbo lake, kwenye bati zima.

"Basi ngoja niegemee vizuri," akasema.