Kona ya Jumatatu

Mke wa msanifu majengo alikuwa akipiga pindo sketi ya shule, mguu kwenye pedali ya cherehani na pini mdomoni, upepo wa alasiri ulipoacha kuingia dirishani. Haukupungua kidogo kidogo. Ulikatika. Pazia lililokuwa limevimba lilinywea, na karatasi za mitindo zilizokuwa zikipeperuka mezani zikalala. Alitema pini kiganjani akachungulia nje. Chini ya chumba chao palikuwa na karakana ya matairi, na mafundi walikuwa wameinamia kazi, mashati yamejaa upepo. Upepo ulikuwapo. Kwake tu ndiko ulikokuwa haupiti.

Jioni mumewe aliporudi, rula kwapani, alimkuta amekaa kitandani anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Yule daktari wa meno uliyemchorea nyumba amehamia leo?" aliuliza mke.

"Leo mchana. Nani amekwambia?"

"Upepo wangu umehama naye."

Msanifu alivua viatu, akavipanga. Hakubisha. Alisema kwamba yeye huchora anachokijua, na katika mji huu alichokijua vizuri ni chumba chao. Dirisha la sebule ya daktari alikuwa amelipatia kimo cha dirisha lao, na amelielekeza baharini kwa mshazari uleule, maana hajaona dirisha linalopokea upepo vizuri zaidi.

"Si ungeniuliza?"

"Nilijua utagawanyika. Sikujua utaondoka wote."

Walikuwa wamefika mji ule wa pwani na masanduku mawili na bomba la kuhifadhia ramani. Sheria ya pale ilikuwa wazi: mgeni haruhusiwi kumiliki nyumba. Kuzichora aliruhusiwa, na akichora vizuri alisifiwa. Kila mwaka msanifu alipeleka ombi la kibali, na karani wa ardhi, mtu mwenye adabu zake, alimpa kiti, akamuuliza hali ya nyumbani, akamwambia ajaribu mwakani.

Wakati wakisubiri, mkewe aliweka akiba ya vitu vitatu. Cha kwanza ni huo upepo wa alasiri. Cha pili ni jua la asubuhi, lililoingia na kulala juu ya cherehani. Cha tatu ni kona iliyokuwa kati ya mlango na kabati, ambapo jioni, karakana ikishafungwa, palikuwa na utulivu ambao hajaupata popote tangu azaliwe. Hivyo ndivyo alivyokusudia kuhama navyo siku watakapopata nyumba yao. Vingine vyote, alisema, vinauzwa dukani.

Alikwenda kuutazama upepo wake. Mke wa daktari alimfungulia mlango kabla hajabisha hodi.

"Umeufuata, eh? Karibu ndani, umo sebuleni. Mtundu huo! Umeshaniangushia picha mbili."

Upepo ulimtambua. Ulimjia moja kwa moja, ukamwinua ncha ya mtandio, ukamchezea sikio kama zamani. Mke wa daktari akageukia ukuta, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Kisha upepo uliondoka, ukamwendea mke wa daktari, ukampepea shingoni kwa upole uleule. Mke wa msanifu aliweka chini kikombe cha chai alichopewa, akaaga. Tangu siku hiyo nyumba ile aliiita mke mwenza.

"Leo umechelewa," alikuwa akimwambia mumewe. "Ulipitia kwa mke mwenza?"

"Nilikwenda kukagua bomba lao."

"Na waume wa zamani nao walikuwa wakisema hivyohivyo."

Mwaka uliofuata msanifu alimjengea wakili, mwanamke asiye na mume na mwenye kesi nyingi. Siku wakili alipohamia, jua lilipanda juu ya karakana, likafika hadi kizingiti cha dirisha la msanifu na mkewe, na hapo likageuka. Mke alisogeza cherehani chini ya taa ya umeme, akaendelea na kazi. Jioni alimpakulia mumewe chakula, akampa mgongo.

Haukupita muda, wakili alikuja mwenyewe, amebeba vipimo.

"Wewe ndiye fundi? Nataka mapazia mazito, tabaka mbili. Kuna jua linaniingilia chumbani asubuhi."

"Linakukalia wapi?"

Wakili alishika shavu la kushoto. "Hapa. Tena halina haraka."

"Na wewe hulipendi."

"Fundi, mimi nalala saa nane usiku. Nani ana haja na jua la saa kumi na mbili?"

Mke wa msanifu alishona mapazia yale kwa kitambaa kizuri na uzi imara. Ila upande mmoja aliupunguza upana wa vidole viwili. Hajawahi kukata kitambaa vibaya kwa makusudi. Jua halikumrudia, lakini kufungiwa halikufungiwa.

Sasa msanifu akawa na jina. Gazeti liliandika kwamba hakuna mwenyeji anayejua maana ya nyumba kama mgeni yule. Mwenye nyumba wao aliikata habari hiyo akaibandika mlangoni kwao, upande wa nje.

Ndipo akaja mjane mwenye mabohari ya nafaka. Hakutaka ghorofa wala nguzo. Alitaka mahali pa kukaa jioni bila kuhisi kwamba ilimpasa awe mahali pengine. Msanifu alichora, akafuta, akachora. Kila alichokitoa kilifanana na chumba cha kungojea cha benki. Mkewe alimwona ananyanyua kichwa, macho yanaelekea kati ya mlango na kabati.

"Usiitazame."

"Siitazami."

"Unaitazama, tena kwa macho ya penseli."

Msanifu aliweka penseli chini. "Sikiliza, mke wangu. Yule mama yumo kwenye baraza la ardhi. Akiridhika, atatusemea. Tukipata kibali, tutakuwa na kona tele."

"Za kuwekea mafagio. Ile ya kukaa je? Nyumba yetu utaijenga na nini, bwana wewe, kama kila chetu unampa mke mwenza? Apa kwamba hii hutaichora."

Msanifu aliapa, kwa jina la mama yake. Alikishika kiapo chake kwa muda. Kisha jioni moja, mkewe alipokwenda kupeleka sare za shule, aliketi kwenye kona ile mikono mapajani. Kamba ya kupimia hakuigusa.

Siku mjane alipohamia, mke alirudi nyumbani akausukuma mlango, ukafunguka nusu tu. Kabati lilikuwa limeufikia. Aliingia kiubavu, akahesabu. Chumba kilikuwa na kona tatu.

"Uliapa," alimwambia mumewe.

"Sikutumia kamba."

"Wewe macho yako ndiyo kamba."

Mwenye nyumba alikuja akatazama, akakuna kidevu. Alisema kodi ni ya chumba, si ya kona, na kwamba mlango wataupaka rangi wao, maana kabati linaloukwaruza ni lao.

Mjane alitimiza ahadi, akalisemea ombi barazani. Baraza lilisikiliza vizuri. Lilikuta kwamba kanuni inamtaka mwombaji awe anaishi kwenye makazi yanayotambulika, na chumba cha kona tatu hakimo katika orodha ya makazi. Karani alimpa msanifu kiti, akamuuliza hali ya nyumbani, akamwambia ajaribu mwakani.

Mke alikwenda kwa mjane peke yake. Alimkuta kwenye kona, viatu kando, mdomo wazi kidogo, amelala. Ndivyo alivyokuwa akilala yeye, hata kichwa kilivyoinamia bega. Alisimama pale akimtazama mwanamke yule akipumzika kwa pumziko lisilo lake. Kama angemkuta amelala na mumewe, isingemchoma hivyo.

Mjane alifumbua macho. "Ni yako, siyo? Nilijua ina mtu. Nikikaa nasikia kama nimekalia kiti chenye joto la mwenzangu."

"Ni yangu."

"Kuirudisha siwezi, mwanangu. Imeshajengewa. Lakini Jumatatu jioni sikai hapa, nakwenda barazani. Njoo Jumatatu. Nitamwambia mlinzi."

Akawa anakwenda Jumatatu. Mlinzi alimfungulia, akamwonyesha pa kuacha viatu, kana kwamba hapajui. Nyumbani maneno yalikuwa yamebaki ya chumvi na sabuni tu. Kisha Jumatatu moja alimkuta mumewe ameshafika. Alikuwa ameketi sakafuni, magoti juu, amebana upande wa kabati, ingawa kabati halikuwapo. Upande wa mlango alikuwa amemwachia yeye.

Alitaka kugeuka arudi. Akaketi.

"Hapa umepasogeza," alisema mke. "Dirisha lilikuwa mbali kidogo."

"Sikuwa na kamba."

Mke nusura acheke. Walikaa pale, giza likaingia taratibu, na ule utulivu ukaja ukawakalia wote wawili, kama zamani.

Tangu hapo walikwenda pamoja. Kila baraza lilipokwisha, mlinzi alikohoa langoni, ishara kwamba mjane anarudi.

"Leo barazani wamechelewa," aliwaambia Jumatatu ya mwisho wa mwaka. "Maombi ya wageni yalikuwa mengi."

"Wamepitisha?"

"Mwakani."

Msanifu alitafuta viatu vyake. Mkewe alibaki nyuma. Mto wa kukalia wa kona ile, ambao wao waliuweka kando walipoketi sakafuni, ulikuwa umebonyea kwa umbo la mjane, na kama alivyofanya kila Jumatatu, aliupiga ngumi mbili tatu hadi umbo lile likafutika. Kisha akaukalia kidogo, kwa uzito wake wote, akaacha la kwake.