Shingo ya Bi Aaliya

Bi Barka aliingia harusini akiwa amechelewa, na kabla hajamaliza kuvua buibui alikiona kidani chake mwenyewe kwenye shingo ya mama wa bibi harusi.

Alimwendea mama huyo, Bi Aaliya, akampa mkono, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Umependeza." Kisha akaenda kuketi na wenzake wa Kizingitini, wala hakumtazama tena.

Dhahabu ile ikamchoma Bi Aaliya kama kaa la moto. Yeye ndiye aliyewekeshwa amana ya kikundi chao. Wanawake wa Lamu na Pate waliweka akiba kwa kununua dhahabu, na dhahabu yote ilikaa nyumbani kwake ndani ya kasha la chuma, kila pambo katika mfuko wenye jina la mwenyewe. Aliyasafisha mapambo hayo, akayapeleka kwa sonara kukaguliwa, akawaarifu wenyewe bei zilipopanda. Kazi hiyo hakuna aliyeiona, naye aliipenda kwa sababu hiyo.

Lakini dhahabu yake mwenyewe alikuwa ameiuza wakati mumewe alipougua. Siku ya harusi ya binti yake alijitazama kwenye kioo, shingo tupu, akawafikiria wakwe na macho yao. Bi Barka alikuwa ametuma salamu kwamba hatafika. Ni saa chache tu, Bi Aaliya alijiambia, huku ufunguo umo mkononi tayari.

Kesho yake alipanda boti hadi Kizingitini, kisiwani Pate. Alimkuta Bi Barka uani, anasuka ukili wa mkeka.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema, akamwekea mfuko wa kidani mapajani.

"Umekuja ndia yote hii kwa hilo?" Bi Barka aliusukuma mfuko kando. "Kirudishe ulikokitoa."

"Hukichukui?"

"Nikiweke wapi? Tangu mume wangu afariki, shemeji zangu wanaingia humu kama kwao. Wakikiona tu, kimekwenda. Na usimwambie mtu, Bi Aaliya. Wenzetu wakisikia, kila mmoja atakuja kutoa chake, kikundi kife. Mimi nitakimbilia kwa nani?"

"Basi umenisamehe?"

Bi Barka aliuvuta ukili, akaukaza. "Nimekwambia kirudishe."

Afadhali angemtukana. Tusi angelilia, likapita. Bi Aaliya alirudi Lamu akijua kwamba bado anaaminiwa, na kwamba anaaminiwa kwa kuwa mwenzake hana pengine pa kwenda. Kila alipofungua kasha aliona haya mbele ya majina yale, kana kwamba wenyewe wamesimama chumbani wanamtazama.

Mkutano wa mwaka ulipofika, Emily, mwalimu kutoka bara aliyekuwa katibu wao, alisimama akitabasamu.

"Napendekeza Bi Aaliya aendelee kututunzia. Mwaminifu kama yeye tutampata wapi? Wanaokubali?"

Mikono ikainuka chumba kizima. Wa kwanza ulikuwa wa Bi Barka.

Bi Aaliya alisimama.

"Ishusheni kwanza," alisema. "Kuna jambo hamlijui."

Bi Barka alimtikisia kichwa, polepole, kumkataza. Emily aliendelea kutabasamu, akidhani ni unyenyekevu. Mikono ikashuka mmoja mmoja, ukabaki mkono wa Bi Barka peke yake juu.