Suruali Haina Mdomo

Nimeshona hadi vidole vyangu vimekuwa vigumu kama kwato, na katika kazi zote hizo ni moja tu ninayoionea haya: nilimpunguzia mume wangu suruali mara nne bila yeye kujua.

Miaka ile ya Wabelgiji, wanaume wa mji wetu wa Baraka, huku Kongo, walirudi kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Kilembwe wakiwa na suruali za kazi za buluu. Ni kitambaa kile kigumu ambacho vijana wa leo wanakiita jinzi na kujidai wamekivumbua wao. Zilipochakaa magotini, wake zao waliniletea, hata wa Ubwari walivuka ziwa na mafurushi. Nilikata palipooza, palipobaki pazima nikashona kaptula za watoto na mikoba ya soko. Cherehani ilikuwa ya marehemu baba yangu, na kitambaa kile kilinivunjia sindano kila wiki. Nilichoka. Nilichoka hadi nikawa nasinzia juu ya mkeka wa kuswalia.

Mume wangu, Yunusu, naye alirudi na suruali moja nzima na kifua kibovu. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliivaa kujipima. Siku itakapomkaa kama zamani, basi amepona, anarudi kazini.

"Munganga anaweza kunidanganya," alisema. "Suruali haina mudomo."

Ijumaa ya kwanza ilimpwaya. Siku mbili hakugusa chakula, alitazama ukuta tu. Mimi sikuweza kuvumilia. Nikakunja mshono wa kiuno kwa ndani, nusu kidole kila upande, bila kukata kitu, maana fundi haharibu kitambaa kizuri.

"Mama Rehema! Kuja uangalie, inanikaa!"

Siku hiyo alikula bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, sahani mbili. Nikafurahi, mjinga mimi. Akazidi kukonda, nami nikazidi kukunja.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa nne tangu nianze kukunja, alirudi nyumbani akitabasamu.

"Nimeandikisha jina. Lori inaondoka Jumatatu. Mi nimepona."

Halafu akakohoa hadi akashika mlango asianguke. Nilijua akipanda ile milima ya machimbo hatarudi, na aliyemwambia anaweza kupanda ni mimi, kwa sindano yangu.

Ijumaa iliyofuata, alipokwenda kuswali, niliketi na wembe nikafumua mishono yote minne.

Aliporudi akaivaa. Ikashuka hadi magotini. Akaivuta juu, akaingiza ngumi zake mbili kiunoni, na nafasi ikabaki. Kisha akaivua, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaona mistari minne ya matundu ya sindano.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba Rehema."

"Tangu siku gani?"

"Tangu mufungo ilipoisha."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea, nilikuwa nayastahili. Yeye aliketi tu kitandani, suruali mapajani.

"Mi nilifikiri nimepona," alisema.

Nililia mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Jumatatu lori lilipiga honi barabarani, tukalisikiliza wote wawili hadi likapotea. Hapo ndipo aliponiita. Alikuwa ameikunja suruali vizuri, kama kitu cha kumpelekea mgeni.

"Rehema hana sketi. Kata hii."

"Hapana. Nguo nzima ya mutu angali hai haikatwi. Watu watasema nimekuzika."

"Mama Rehema, wakinizika, mutaigawa sadaka, na mi sitaona ni nani anaivaa. Kata. Nataka nimuone."

Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Nilimsimamisha katikati ya chumba nikampima kiuno kwa uzi, huku akicheka kwamba namtekenya. Yunusu aliegemea ukuta akifuata mikono yangu. Nilipoweka mkasi kwenye kitambaa nilisita, naye akadhani nimekosea hesabu.

"Usiikaze," alisema. "Uache kitambaa mingi mu mushono. Yeye ataongezeka."