Maana ya In Due Course

Mwaka wa 1969 nilikuwa nimekichoka Kiingereza cha ofisi. Nilikuwa na taipureta kwenye veranda ya duka moja Nyamira, nikiwaandikia watu barua za serikali na kuwasomea majibu. Karibu kila jibu lilikuwa na maneno yale matatu: in due course. Ombi lako litashughulikiwa in due course. Shuleni kwetu kando ya ziwa tulifundishwa kwamba maana yake ni "kwa wakati wake". Matumizi nilijifunzia verandani: mkubwa huyaandika akiwa hana tarehe, hana gari, wala hana nia.

Gesare, mjane wa bondeni, alikuwa ameomba wapimaji waje kuonyesha mpaka wake na shemeji yake Ogari, pale chini kwenye kijito anapopanda wimbi. Jibu lilipokuja alinipa nimsomee.

"Wanasema watakuja kwa wakati wake, mama."

Sikusema uongo. Lakini niliona uso wake umetulia, nikakosa nguvu ya kuongeza neno. Mgongo uliniuma na benchi lilikuwa limejaa watu.

"Basi mimi nangoja," alisema. "Serikali imesema inakuja. Siwezi panda miti ya mpaka mbele yao, hiyo ni madharau."

Kwa Wakisii mpaka ni miti. Vijiti vya omotembe huchomekwa mvua inapoanza, na vikichipua bila mtu kuving'oa, wazee huviamini kuliko karatasi yoyote. Ogari hakuwa na barua ya kumzuia. Mvua za Machi zilipoanza alichomeka vijiti vyake hatua arobaini ndani ya shamba la Gesare. Mama wa watu aliviona, asiguse hata kimoja, akapanda wimbi lake kama kawaida. Mara tatu aliniletea barua ileile nimsomee tena. Mara tatu nikasoma vilevile, kila mara nikijichukia zaidi.

Wimbi lilipokaribia kukomaa wazee wa ukoo wakaitwa. Wakamuuliza kwa nini hakung'oa. Akawaonyesha barua, wakaitazama, wakamrudishia, wakaamua kwamba penye miti ndipo penye mpaka.

Siku ya soko alikuja akaketi mbele yangu. Alitaka niiandikie ofisi kwamba wapimaji wakichelewa zaidi hawatakuta kitu cha kupima. Niliweka karatasi, kisha nikaitoa.

"Mama, hawakuwa wanakuja," nikamwambia. "Mkubwa akiandika hivyo, anakwambia tu urudi nyumbani."

"Wewe ulijua lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Zilpa, mara nne nilikuuliza," alisema, akajifunga leso vizuri, akaenda kumwomba Ogari ruhusa ya kuvuna wimbi alilolipanda mwenyewe.